Dumu la maziwa ya mama

Mama Herman, usicheke mpaka umalize kusoma.

Spika ya kijiji ilitangaza wiki ya maziwa ya mama, twende zahanati, mama bora atapata kitenge. Mimi nikajua ni mambo ya Nane Nane hayo, mashindano ya ng'ombe wa maziwa. Nikamkamua yule ng'ombe niliyemnunua mnadani Getanuwas, nikabeba dumu zima.

Nesi mgeni akalishangaa. "Bibi, yote haya ya mama mmoja?"

Nikamwambia ya asubuhi tu hayo, jioni anatoa tena.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemfunga nyumbani. Ana mateke sana."

"Umemfunga?"

Nikasema ndiyo nimemfunga, ila majani na pumba nimemwachia.

Mama Herman, yule nesi akashika simu ampigie mtendaji, kwamba bibi amemfunga mama anayenyonyesha, bila shaka mkwe wake, na anamlisha pumba.

Ndipo Veronica, mkwe wangu, akaingia na mtoto mgongoni. Akasikiliza, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nesi, mkwe ni mimi. Huyo wa mateke ni ng'ombe."

Kitenge cha mama bora wamempa Veronica. Nimemwambia tukikate, nusu ni ya ng'ombe.