Shuka Jeupe Bado Liko Kambani

Mwaka umetimia, Dada, tangu kifua chako kilipogoma. Hatuandiki kwamba uliugua kwa muda mfupi. Uliugua tangu siku walipowasha kiwanda cha kuyeyusha betri nyuma ya nyumba zetu.

Wewe mwandishi wa gazeti ulianika ushahidi kambani. Asubuhi shuka jeupe, jioni unalipiga picha likiwa na rangi ya majivu. Mara ya kwanza Mama alikuwahi, akalifua. "Mwandishi gani analalia shuka chafu?" Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mama, umefua ukurasa wa mbele!"

Chai yako ilipoa kila siku, maana hukuweza kumkatiza mtu anayeeleza maumivu yake, hata akianzia kwenye habari za kuku wake.

Mkuu wa afya alisema ukumbini kwamba watu wa jamii yetu tuna vifua dhaifu, ni mambo ya damu. Ukasimama. "Mkuu, ndugu zetu wa upande ule wa mji wana damu hiyohiyo. Mbona hawakohoi? Au damu ikivuka barabara inapona?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kiwanda walituwekea sisi kwa sababu sisi ni wachache, na wachache wakifa hakuna anayeshtuka.

Juzi msemaji wa kiwanda alikuja na bahasha. Eti watagharamia tangazo hili la kumbukumbu yako gazetini, mradi neno "moshi" lisiwemo. Mama hakumpa hata kiti. "Mwanangu, mlango ni huohuo ulioingilia."

Moshi. Moshi. Moshi. Tumelipia wenyewe.

Mtoto wangu, yule uliyemwita Mhariri kwa kelele zake, ameanza kutembea. Ameanza na kukohoa. Nepi zake bado naanika chumbani, nikifungua dirisha zinanuka betri. Lakini leo asubuhi nimetoka nje nikakuta mtaa mzima umeanika mashuka meupe, kamba kwa kamba, na gazeti lako limemtuma mpiga picha. Siku nepi za Mhariri zitakapokauka nje zikabaki nyeupe, ndipo tutaanua shuka lako. Si kabla.

Unakumbukwa na Mama, kaka yako fundi baiskeli, mimi mdogo wako, Mhariri, na majirani wote wa nyuma ya kiwanda.

Wewe hatutakusahau, Dada. Na wao hatutawasahau.