Kamyo ya Komanda

Mudzipela, tarehe 18 mwezi wa saba

Shemeji Paluku,

Siye tuko, mvua inanyesha. Kila asubuhi ninafundisha watoto wa primeri masomo ya vakansi kwa parokia, Kiingereza na hesabu. Sasa wanahesabu mu Kiingereza mpaka mia. Wanapiga kelele sana, lakini kichwa hainiumi.

Jana nilifungua kaye yangu ya zamani ya masomo, nikaandika kwa tablo hesabu ile ndugu yako Eugène alinitungaka: kamyo ya mizigo inatoka Komanda saa mbili, kila saa inatembea kilometa 25, na njia ni kilometa 75. Itafika Bunia saa ngapi?

Wote wakaandika saa tano. Huguette peke yake, mutoto wa wakimbizi, hakuandika kitu. Nikamuuliza sababu.

“Madame, mu ile njia haitafika.”

Kamyo ya ndugu yako waliikuta mu ile njia imeungua, na leo ni wiki ya tatu. Weye ulisema tumungoje kwanza, mama yenu asijue.

Huguette nilimupa kumi juu ya kumi.

Shemeji, mama umuambie.

Ni miye Kavira, bibi ya Eugène