Paka Wangu Zuwena na Mimba Aliyosingiziwa Mama Mkwe

Mpendwa Bi Asmahani, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika maana nyumba yetu hapa Mabawa itaaibika na chanzo ni mimi. Nina paka niliyemwita Zuwena, jina la mama mkwe wangu, si kwa ubaya, ni vile wote wawili wakiingia jikoni hufunua sufuria kwanza, ikawa siri yangu na mwanangu ninayemnyonyesha. Basi paka akavimba tumbo akakataa hata dagaa, nikaogopa ni uvimbe, nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo mwenye ultrasaundi, akamnyoa tumbo, akauliza mgonjwa anaitwa nani, nikasema Zuwena, akanionyesha mioyo minne inadunda nikalia kwa furaha, akanipa picha imeandikwa ZUWENA, MIMBA, WATOTO WANNE, nikaitia kwenye mfuko wa nepi.

Mume wangu Rama akaiona. Mama yake ni mjane wa miaka sitini, tunaishi naye, na mwanamume anayemletea madafu kutoka Pangani ni Mzee Haji peke yake, kwa hiyo Rama hakuniuliza mimi, alimfuata mzee hukohuko. Anasema mzee aliitazama picha, akajibu, "Sijui ilikuwaje, mwanangu, lakini niko tayari." Sasa Ijumaa analeta posa, Rama hampi mama yake hata shikamoo, na mama, aliyeambiwa posa tu hajaambiwa mimba, anajifukiza udi na ananiita binti yangu, hajawahi. Nikisema kweli namvunjia posa na jina la paka atalijua. Nikinyamaza, labda Mungu atasaidia?

Sabiha, Mabawa

Sabiha, pole, na nimecheka, nisamehe. Lakini mama wa watu habebeshwi mimba ya paka kwa sababu wewe unaona haya. Mungu ameshakusaidia, amekupa mdomo. Leo hii mwite Rama umwonyeshe tumbo lililonyolewa, maana mtoto anayeamini mjane wa miaka sitini ana wanne tumboni, asimuulize mwenyewe, huyo mpaka aone kwa macho. Kisha akamwombe mama yake radhi, nawe ukae papo hapo ulitaje jina la paka kwa kinywa chako. Atanuna. Usimpelekee maneno, mpelekee chai.

Mzee Haji naye aambiwe, tena na Rama aliyemsingizia. Unaogopa posa itavunjika? Mtu aliyekubali wanne asiowajua, atamkataa mama asiye na hata mmoja? Akija Ijumaa, kamfuata mama mwenyewe. Asipokuja, heri mama ajue sasa kuliko baada ya ndoa.

Na paka mbadilishie jina kabla hajazaa. Langu usimpe.