Maji ya Miguu ya Mama

Kwako mdogo wangu mpenzi Ngatini,

Pokea salaam nyingi kutoka huku nyumbani Gunungkidul, zangu, za shemeji yako na za watoto wote. Hali yako vipi, na Paryadi hajambo? Hewa ya Lampung imekukubali? Miguu imeshaanza kuvimba, au bado unavaa kandambili zako mwenyewe bila kuazima za mumeo? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mvua imechelewa na mihogo mwaka huu imetoka myembamba kama vidole. Mama ni mzima. Goti linamsumbua, mdomo haujamsumbua hata siku moja.

Barua yako aliniletea Sugeng, dereva wa basi. Nilipoona mimba imefika mwezi wa nane salama nilicheka, nikalia, hadi shemeji yako akauliza kuna msiba gani. Kisha nikafika pale unaponiomba nimwangukie Mama aoshe miguu yake, nitie maji yale kwenye chupa na kumpa Sugeng akuletee uyanywe, ili safari hii uzae huna deni. Furaha yote ikanitoka. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua, ningezungumza habari za mihogo halafu nikate.

Inanibidi niirudie siku ile ya uzazi wako wa kwanza. Uchungu ulikushika alfajiri, na mchana ukaingia mtoto hajasogea. Mbah Painem, mkunga wetu, akaamuru kila kilichofungwa kifunguliwe. Tukafungua makabati, madirisha, vifuniko vya sufuria, hata vifungo vya shati la Paryadi, maskini, akabaki kifua wazi mbele ya wake za watu. Jirani yako akamwambia basi afungue na mkanda kabisa, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Wanawake wakaangua kicheko, na wewe pia ukacheka kidogo. Mtoto hakusogea. Ndipo Mbah Painem akasema lile tulilokuwa tukilingoja wote, kwamba uchungu wa kupita kiasi una mwenyewe, na mwenyewe ni Mama. Uliolewa yeye hataki, kwa kuwa hesabu za siku zenu za kuzaliwa hazikukubaliana. Basi na aoshe miguu, wewe unywe maji hayo, njia ifunguke. Ukanishika mkono ukaniambia niende, nimwambie umekoma.

Nilimkuta Mama jikoni anakaanga vipande vya tempe ya soya. Nilimweleza huku nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaipua karai, akasema haoshi mguu wala kidole. Nikamwambia ana roho ya jiwe, Mungu anisamehe. Nikapanda pikipiki nikarudi, na mbele ya watu wote nikakwambia Mama amekataa. Nilikuona, Ngatini. Hukulia. Uliacha kusukuma ukaugeukia ukuta.

Baada ya hapo watu wakakaa kubishana nani mwingine aende kumbembeleza, mjomba au imamu, mpaka Paryadi akachoka nao akaenda kuomba lori la mchanga likupeleke hospitali. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mwanao tulimzika kesho yake bila kuisikia sauti yake.

Wewe ulipokuwa umelazwa, nilimuuliza yule daktari mama mwenye miwani mbona mbuzi wangu huzaa huku anatafuna majani, na sijamwona akiomba radhi kwa mama yake. Hakunicheka. Alisema mbuzi hatembei wima, wala mwanawe hana kichwa kama chetu. Sisi nyonga zimebana ili tuweze kusimama, na kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa ubongo ambao hata hajaanza kuutumia, kwa hiyo lazima ajipinde na kugeuka mle ndani ndipo apite. Wako alikwama uso umetazama juu. Akasema uchungu haubagui mwema na mbaya. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema tungekufikisha mapema wangekufanyia upasuaji.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Siku ile nilikuletea nusu tu ya maneno ya Mama.

Alisema kwamba akiosha miguu, kijiji kizima kitaamini mwanawe anateseka kwa sababu ya dhambi, na hana dhambi yoyote. Amechukua mwanamume anayempenda, yeye Mama akanuna, basi. Na kununa kwake hakuwezi kumzuia mtoto kutoka. Akasema hana cha kukusamehe. Akasema mimi mwenyewe aliponizaa alihangaika siku mbili, na mama yake alimpenda kama mboni ya jicho, tena alikuwa amemshika kichwa muda wote. Kisha akanifokea: mpelekeni hospitali, miguu yangu si daktari!

Niliyasikia yote kwa masikio yangu haya. Lakini mimi nilifuata maji, na kwa kuwa sikupewa maji, nikaona sikupewa kitu. Kwamba hana cha kukusamehe nililisikia kama tusi. Na lile la hospitali nilikaa nalo, kwa hasira, na kwa kuogopa Mbah Painem aone tunamdharau mbele za watu. Naona aibu kuliandika hata sasa.

Tena Mama alinifuata siku ile, kwa miguu. Alikuta lori limeshaondoka, nyumba iko wazi, hakuna mtu. Akapita akifunika sufuria moja moja, kisha akakaa kizingitini akingoja habari. Alipokuja hospitali ukampa kisogo, akadhani unamlaumu kwa kuchelewa. Hakujua nilikwambia nini. Hakujua mpaka juzi, niliposoma barua yako nikaenda kumweleza.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kama kweli miaka yote hii mwanawe anaamini yeye ndiye aliyemuulia mtoto. Nikamjibu ndiyo. Akaingia chumbani akafunga mlango, na hadi leo hajazungumza nami ila kunituma. Alinituma nimkatie tiketi. Barua hii inatangulia na Sugeng kesho, na Jumatano ijayo Mama atapanda basi lake kuja kwako. Haleti chupa. Anakuja kukushika kichwa, na Paryadi aambiwe atafute gari mapema.

Mimi siji. Wala sikuombi unisamehe, usije ukahangaika kunitafutia msamaha moyoni ukidhani lazima uupate kabla ya siku yako. Nichukie mpaka utosheke. Ingia leba umenichukia, piga kelele jina langu ukitaka. Haitamziba mtoto njia.

Msalimie sana Paryadi. Watoto wanakusalimu, na shemeji yako anakuombea dua.

Ni mimi dada yako,
Wuryani