Kicheko cha Mghoi Stesheni ya Voi

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Ronge hatujambo. Mahindi yamebeba, na babu yako anakohoa kidogo tu. Umeniuliza kama kampuni inayotaka kukuajiri ni njema kama matangazo yake.

Nikiwa msichana, kampuni ya mkonge ilimpiga picha dada yangu Mghoi, kibarua wao, akicheka, ikaiweka kwenye bango stesheni ya Voi. Baadaye mashine yao ikamuua. Bango likabaki. Mama alikwenda akalipulizia pombe ya miwa kutoka kinywani, kama sisi Wataita tunavyowatuliza wafu. Jua likapausha kila kitu pichani isipokuwa meno yake.

Siku moja, nikimtazama akicheka, nilisikia mtu akisema, "Kweli, kampuni hii inajali watu wake."

Ilikuwa sauti yangu.

Nyanya yako