Mkono wa Baraka Uliodanganya Mlima Mzima

Lalla Tuda, salamu nyingi. Nakuandikia wewe mshauri wetu wa redio kwa sababu huku kwetu sina wa kumwambia, kila mtu ni ndugu wa kila mtu, na neno likitoka jikoni asubuhi, adhuhuri liko kisimani, basi nakuomba unisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze.

Kijiji chetu kiko juu ya mji wa Tafraout, na mlima ulio nyuma yetu umekuwa kipara tangu ukame ule mrefu, hivyo mwaka juzi mvua ilipokuja kwa hasira maji hayakuwa na cha kuyashika, yakashuka moja kwa moja mtaa wa chini yakabomoa ukuta wa dada yangu Ijja, na mtoto wake wa miezi minne tulimtoa kupitia dirishani, alhamdulillahi yuko hai. Ndipo baraza likaamua tupande miti ya argani upya. Mlima ukafungwa, mbuzi marufuku, kila nyumba ikapewa miche kumi na miwili, na baba mkwe wangu, Dda Bihi, akawa msimamizi, akaamuru kila kichaka cha mkunazi mwitu king'olewe kwanza, maana mkunazi, alisema, ni mwizi wa maji. Anayekaidi faini yake ni ile ile ya tangu zamani, analilisha baraza zima.

Sasa Lalla, siku ya kupanda nilikuwa na mimba ya miezi sita, mume wangu yuko dukani Casablanca, na mzizi wa mkunazi unaujua, ukiufuata utachimba hadi ufufuliwe. Mgongo ukaniuma, nikasema potelea mbali, nikaichomeka miche tisa katikati ya miiba, mitatu iliyobaki ikakosa kichaka nikaipanda peupe kama wenzangu. Jioni baba mkwe akaniuliza, "Umeng'oa yote?" Nikamjibu, "Yote, baba." Magoti yake mabovu hayamfikishi kule, na mlima ukifungwa hakuna anayezurura kwenye kipande cha mwenzake.

Joto lilipoisha kila nyumba ikataja miche yake iliyo hai. Huyu mmoja, huyu hana, yule hana. Mimi nikasema tisa. Basi! Nikawa mkono wa baraka. Wanawake wananiita, "We mwenye mkono, njoo uguse unga wangu uumuke!" Baba mkwe kila akinywa chai anajisifu, "Mkaza mwanangu huyu akishika jiwe litachipua." Na Alhamisi inakuja miche mia nne, Jumamosi tunapanda kijiji kizima, na baraza limeamua niiguse yote, mmoja mmoja, mlima uliobaki ukishafyekwa mikunazi.

Nami Lalla najua si mkono. Ile mitatu ya peupe ilikufa mapema kabisa, mbele ya macho yangu. Siku moja adhuhuri nikaingiza kidole ardhini chini ya kichaka, nikakuta ubaridi kama pembeni mwa mtungi, hatua mbili nje udongo unaunguza. Tangu hapo sikutulia. Nafukua, nanusa, nahesabu majani, naangalia sungura wanaofuata miche wanavyokomea kwenye miiba. Je, mkunazi ni mwizi au ni mlezi? Nataka kujua mpaka nasahau mkate jikoni. Na niseme ukweli wote, nilikuwa napenda kuwa peke yangu ninayejua. Nikisema, nimemwaibisha mzee aliyenifanya binti yake. Nikinyamaza, nitagusa miche mia nne ife. Nifanye nini? Majina nimeyabadilisha.

Ni mimi, Mwenye Mkono

* * *

We Mwenye Mkono,

Pole kwa mgongo, na pole kwa dada yako. Pole zimekwisha.

Uongo wa "Yote, baba" nakusamehe, mjamzito na mzizi wa mkunazi hawaendi pamoja. Nisichokusamehe ni kiangazi kile kizima, jirani zako bila shaka wakipandisha madumu ya maji kumwagilia vijiti vilivyokufa, na wewe jibu unalo, umelikalia kama kuku! Ati ulipenda kujua peke yako. Haya, umejua. Imekusaidia nini?

Mwizi au mlezi, mimi si mtaalamu wa miti, na miche tisa kwa mitatu haitoshi kuapia. Lakini ndiyo karibu miche yote iliyo hai, na kidole chako kimekwenda mahali ambapo baraza halijafika. Udadisi huo usiuone haya, mwanangu. Tatizo ni kwamba umeufungia kabatini.

Sasa fanya hivi. Kwanza, majina umebadilisha, lakini mjamzito mmoja siku ya kupanda, mlima mmoja, miche tisa hai, nani huko asiyekutambua? Barua yako inasomwa leo Jumatatu, na redio haina adabu ya kusubiri. Mpandishe Dda Bihi punda sasa hivi, mpeleke hadi kwenye kipande chako, wewe na yeye tu. Usimhutubie. Mwambie, "Baba, weka kidole hapa, halafu pale." Kisha funga mdomo. Mzee akigundua kwa mkono wake mwenyewe hajaaibishwa na mtu. Akuulize maswali, akugombeze, akae kimya, mwachie. Amri aliitoa yeye, na yeye ndiye wa kuitengua mbele ya baraza.

Pili, faini uidai mwenyewe kabla hujatozwa. Pika, walishe, na usilie njaa mbele yao.

Tatu, wakikuletea miche uiguse, iguse. Halafu ichomeke kwenye miiba wote wakikutazama, mikono ikuchubuke, waone baraka inatoka wapi, na kila mmoja achomeke wa kwake.

Na mzee akikataa kupanda punda? Basi Jumamosi simama useme mwenyewe, kwa sauti, hata akikununia mwaka mzima. Aibu ya mkweo itapoa kabla shayiri haijavunwa. Mlima ukibaki kipara maji yatashuka tena, na mtoto akishachukuliwa harudi.

Lalla Tuda