Maneno Niliyokusingizia Juu ya Zile Siku Saba

Butiama, nyumbani
Alhamisi, mvua imekatika kidogo

Baba Magesa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi mkeo nipo. Mguu wa kushoto unaniuma asubuhi, jua likipanda unaniachia. Mama yako anakusalimu sana, macho yameshaisha kabisa lakini masikio bado ya msichana, nikifunua tu sufuria anauliza nimepika nini. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndume. Katekista aliyeshika nafasi yako kigangoni naye anakusalimu, ni kijana mzuri ila anasoma haraka kama anafukuzwa, watu wanasema wewe ulikuwaga unawasubiri. Magesa anakusalimu kutoka Buhare, bado anachomelea mageti na madirisha hapo Musoma mjini. Mkewe Rebeka anakusalimu. Mtoto wao amezaliwa wewe umeshaondoka, ni wa kiume, wamempa jina lako, na hata kulia analia kwa kukohoa kwanza kama wewe. Nyangeta, mdogo wake Magesa, anakusalimu kutoka Bunda, bado anafundisha baiolojia sekondari.

Sasa hapo nimeshakosa. Salamu za Magesa na za Nyangeta nimezitunga mwenyewe, hawajanituma. Ndiyo tabia yangu hiyo ya kusemea watu, na ndiyo iliyonikalisha hapa na daftari, mimi niliyeishia darasa la nne. Nivumilie mwandiko.

Baba Magesa, mbegu hazijapandwa. Majirani wote wameshapanda, mahindi ya Mama Wegesa yameshachomoza, ukisimama mlangoni unaona mistari. Shamba letu tumelima, limekaa wazi, linaota majani. Mama yako kila siku ananiuliza, "Mkwe, mmesoma?" Namwambia bado. Anasema, "Mwanangu hakuchelewaga hivi."

Kweli hukuchelewaga. Mvua ya kwanza ikinyesha tu unatuita wote sebuleni. Mbegu ziko kwenye ungo katikati, kibuyu pembeni, na wewe na Biblia yako unasoma jinsi Mungu alivyoumba. Kila siku ikiisha, mtu mmoja anachota gao moja, mkono uliojaa mbegu, anatia kwenye kibuyu. Siku ya kwanza mama yako. Siku ya pili wewe mwenyewe. Siku ya tatu, ile ya majani na miti yenye mbegu, uliniachiaga mimi, na ulinitazama juu ya miwani mpaka nikaona haya mbele ya watoto. Ya nne Magesa. Ya tano Nyangeta, na tangu mdogo lazima aulize, "Samaki wote, baba? Hata furu?" Unasema hata furu. "Hata kamongo?" Hata kamongo. Magesa anamwambia, "We furu mwenyewe, acha baba asome." Ya sita tunachota wote kwa pamoja. Ya saba hakuna anayechota. Tunakaa kimya, mikono juu ya magoti, mpaka wewe useme, "Haya, twende shamba."

Unakumbuka ule mwaka kuku aliingia siku ya saba? Akapanda kwenye ungo, anadonoa mahindi ya mbegu, na hakuna wa kumfukuza kwa sababu ni mapumziko. Wewe mwenyewe machozi yalikutoka kwa kuzuia kicheko. Baadaye ukasema yule kuku ndiye peke yake hakubatizwa.

Miaka yote hiyo unasoma mbele yangu, sikukuuliza hata mara moja kama zile siku saba ni siku kama hizi zetu, ya kuamka na kulala, au ni kitu kingine. Na wewe hukusema. Magesa alipohamia kwa wanaosali Jumamosi, watu wa kigango walikusemaga vibaya, katekista mtoto wake amekimbia. Ulijibu, "Anasali, hanywi, mwacheni." Basi. Nyangeta aliporudi chuo na mambo yake ya mawe ya zamani na mifupa, ulimwambia, "Soma tena, mwanangu, polepole." Naye akasoma. Sikuelewa ulimaanisha asome nini, ya chuo au ya Biblia.

Ulipokufa tu, yakaanza.

Magesa alikuja wiki ile ya mazishi, akanikuta jikoni. Macho mekundu. Wenzake walikuwa wamemzunguka na pombe, wanamwambia kunywa, umefiwa, Mungu atakuelewa. Akakaa kwenye kigoda chako akaniuliza, "Mama, baba aliamini zile siku ni siku kweli? Alikuambia chochote?" Nikamwambia, mwanangu, kwani leo ni ya kuulizia hayo? Akasema, "Mama, mimi niliacha pombe kwa sababu ya ile siku ya saba. Ilinishika mkono. Kila wiki nikifika Jumamosi najua Mungu mwenyewe alipumzika, na mimi napumzika, sidaiwi na mtu kunywa. Kama siku si siku, mimi nimeshika nini?" Baba Magesa, unakumbuka tulivyokuwa tunamtafuta vilabuni tukiwa na fimbo na kandili. Niliogopa. Nikamwambia, "Baba yako hospitali alinishika mkono akasema, mwambie Magesa siku ni siku." Akalia, akanywa maji, akaenda kulala. Mpaka leo hajagusa pombe.

Nikaona nimefanya vizuri.

Likizo ikafika, Nyangeta akaja. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kware. Kumbe kwenye mazishi Magesa alimwambia kwa hasira kuwa masomo yake ndiyo yalikuumiza moyo, kwamba anafundisha watoto wa watu wawe nyani. Alikuwa anapepeta mtama na mimi, akasimama, ungo mkononi. "Mama, baba alikufa ananiona nimepotea?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Usinibembeleze. Mimi namwamini Mungu, mama. Darasani watoto wananiuliza, na mimi nawaambia Mungu hakuandika kitabu cha baiolojia, alituambia yeye ndiye aliyefanya. Lakini kama baba alikuwa ananikataa, niambie." Ningefanyaje? Nikasema, "Alisema Nyangeta yuko sawa. Alisema siku za Mungu ni ndefu, sisi hatuwezi kuzipima." Akaniwekea kichwa hapa begani, yule mtu mzima, ungo ukamwagika.

Nikawa nimekupa midomo miwili, Baba Magesa, na wewe umelala.

Ukweli wake unaujua. Hukusema hili wala lile. Asubuhi ile hospitali Musoma ulifumbua macho ukaniuliza, "Mbegu umezianika?" Mimi nikakugombeza. Nikasema acha mambo ya mbegu wewe, pumzika. Ukafumba macho. Nikaenda kuchukua uji, niliporudi nesi alikuwa ameshakufunika. Mtu hajauliza kitu kikubwa, ameuliza mbegu, na mimi sikumjibu. Hilo sijamwambia mtu.

Ilipofika misa yako ya mwaka, wote wakaja. Magesa aliingia mpaka kanisani, akakaa benchi la nyuma na mtoto, nikafurahi. Tukarudi nyumbani, tukala. Wakati wa chai Nyangeta akasema, kwa utani tu, kwamba mwaka jana kwa msiba hatukusoma, mwaka huu basi yeye atasoma juu ya mbegu, maana Magesa atatusomea na saa mkononi.

Magesa akasema, "Siku ni saa ishirini na nne. Imeandikwa jioni na asubuhi. Unataka nini zaidi?"

"Jua limeumbwa siku ya nne, kaka. Hizo tatu za kwanza ulizihesabu kwa kitu gani?"

"Kwani Mungu anahitaji saa yako ya ukutani?"

"Ndiyo ninachosema na mimi. Haihitaji."

Rebeka akacheka, mumewe akamtazama, Rebeka akageukia mtoto. Hata mimi nilitaka kucheka. Kisha Magesa akaweka kikombe chini akasema, "Tusibishane. Baba mwenyewe alimaliza neno hili hospitali. Alisema siku ni siku." Nyangeta akasimama. "Uongo. Baba alisema siku za Mungu ni ndefu. Mama aliniambia." "Mama aliniambia mimi!" Wakageuka wote wawili wakanitazama. Na mama yako naye akageuza sikio.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Chai itapoa." Nikaondoka na birika, na lilikuwa tupu.

Tangu hapo hawasemezani. Nilidhani watanichukia mimi, lakini hata hicho sikupata. Magesa kanipigia simu, "Mama najua ulimdanganya Nyangeta ili asiumie, mimi nimekuelewa." Nyangeta naye, "Mama, Magesa ulimwambia vile kwa sababu ya pombe, mimi nimeelewa, usijali." Kila mmoja anaona mimi kwake nilisema kweli na kwa mwenzake nilidanganya. Kila mmoja ana baba yake mzima mkononi, na anamcheka mwenzake kimoyomoyo. Na kila mmoja anasema haji kwenye mbegu kama mwenzake ndiye atasoma.

Nilikwenda kwa Padre. Akaniambia, mama, ile sura inatufundisha nani aliyeumba na kwamba kila alichoumba ni chema, haitupimii saa. Nikakubali. Nikapanda gari mpaka Buhare, nikamwomba mchungaji wa Magesa aniambie na yeye. Mtu mpole, alinipa na kiti. Akasema, mama, tukiufungua mlango kwenye ukurasa wa kwanza, tutaufungia wapi? Nikakubali na hapo. Nikitoka kwa huyu nakubali, nikitoka kwa yule nakubali. Labda ndiyo ujinga wa kutosoma. Nilitaka nimwombe wa tatu, nikaona nitamaliza viatu.

Lakini kinachoninyima amani si urefu wa siku. Hilo Mungu analijua, nitalikuta. Kinachoninyima amani ni kwamba nikinyamaza, watoto wangu kila mmoja atabaki na baba yake, ila hawatabaki na ndugu. Na nikisema, wote wawili nitawanyang'anya wewe. Magesa akiondokewa na yale maneno, je, Jumamosi itamshika bado? Nyangeta atalala usingizi? Nimewaza mpaka nimechoma ugali mara mbili wiki hii, mama yako ameula bila kusema kitu, na wewe unamjua, huyo si mtu wa kula ugali ulioungua akanyamaza.

Ila jana alisema. Tulikuwa tunachambua maharage, akasema ghafla, "Mkwe, mwanangu hakuwaga mtu wa maneno mengi. Hayo unayompa ni mengi." Akaendelea kuchambua kwa vidole. Mimi nikatoka nje nikalia karibu na zizi.

Basi nimekata shauri. Nimewaita Jumatatu mchana. Jumamosi ya Magesa, Jumapili ya Nyangeta, Jumatatu haina mwenyewe. Nimewaambia asisome yeyote kati yao, nitasoma mimi. Magesa kwenye simu akasema, "Mama, utaweza?" Nyangeta akasema, "Mama, ile sura ndefu." Nimewaambia waje, wataisubiri. Wamekubali, nadhani kwa kunionea huruma, na mimi huruma yao nitaitumia.

Nimekuwa nafanya mazoezi. Nafuata kwa kidole. Nimefika siku ya tano jasho likinitoka, wanyama wa majini wananisumbua, maneno yao marefu. Siku yako, ile ya pili, nitaomba mjukuu wako ashikwe mkono atie gao. Sitasema siku ni fupi wala ndefu. Nitasoma kama ulivyokuwaga unasoma, halafu tunachota.

Na ikifika ya saba, tukiwa kimya, mikono juu ya magoti, hapo ndipo nitasema. Wakati ule hawawezi kuinuka, wewe mwenyewe uliwafundisha, hata kuku walimwacha. Nitawaambia: baba yenu hakusema lile na hakusema hili, nilimsingizia mimi kwa woga. Nitamwambia Magesa, pombe umeiacha mwenyewe na Mungu wako, baba hakuwemo kwenye hilo ila kukusifu ukiwa hupo. Nitamwambia Nyangeta, baba alitunza kila barua yako ya chuo ndani ya Biblia yake, nimezikuta, ziko tisa, na mtu unayemwona amepotea humtunzii barua hapo. Hayo ni ya kweli, nimeyaona kwa macho. Kisha nitawaambia ulichoniuliza hospitali. Hicho ndicho cha kwao wote wawili, sina kingine.

Barua hii naikunja naiweka kwenye Biblia, hapohapo mwanzo, pamoja na hizo tisa. Nikishindwa kusema, wataikuta wakisoma.

Nisamehe, Baba Magesa. Nakuahidi sitakutia tena neno kinywani, hata la kheri, hata wakinililia. Na mbegu zitaingia ardhini wiki ijayo wakija wote au akija mmoja, au nikibaki na mama yako tu na yule kuku.

Nijibu upesi, usinicheleweshe, kabla ya Jumatatu. Unajua njia zako. Kama ninakosea nizuie. Kama sikosei, unaweza kukohoa tu kidogo, nitakusikia.

Uliniuliza mbegu. Nimezianika. Nimezigeuza tangu Jumanne kila jua likitoka, nimeuma moja leo, imelia ka! Zimekauka vizuri.

Ni mimi mkeo,
Mama Magesa